Medali ya Mbili

Baba alisikia medali yake ikisomwa kwenye mazishi ya mtu mwingine. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, kule Merigi, pamoja na wazee wenzake, kofia gotini, akingoja kama sisi sote historia ya marehemu iishe ili mhubiri ahubiri na watu wapate kula. Kijana wa marehemu alisoma mahali alipozaliwa baba yake, shule aliyosoma, jinsi alivyoandikwa jeshi. Kisha akafika hapa: kwamba marehemu, alipokuwa ng'ambo katika kazi ya kulinda amani, alitunukiwa medali ya ushujaa kwa kuwatoa wenzake katika mto wa barafu baada ya lori lao kutumbukia kutoka darajani. Watu walipiga makofi. Mimi nikamgeukia baba, maana mto huo niliujua. Nimekua nao nyumbani kama wengine wanavyokua na redio.

Baba naye alikuwa anapiga makofi.

Tulipofika nyumbani alivua koti lake la mazishi, akalitundika, akaja kuketi jikoni karibu na moto, mahali ambapo wanaume wa rika lake hawaketi, akaniambia, "Mto ni wangu. Yeye alikuwa hospitali."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kujua kwamba mto ule ulikuwa na medali. Yeye alikuwa na ile ya kawaida waliyopewa wote waliokwenda na kurudi, na miaka yote aliamini kwamba hakuna mkubwa aliyeona alichofanya. Hakulalamika. Alistaafu, akapanda chai, akanunua ng'ombe wa maziwa, akatusimulia mto. Sasa ilikuwa imebainika kwamba mkubwa aliona, akaandika, akapeleka, na zawadi ikafika kwa mtu mwingine.

Lazima nieleze habari ya majina, maana bila hivyo mtu atadhani ulikuwa wizi. Kwetu Wakipsigis mtoto hupewa jina kutokana na wakati alipozaliwa. Yupo wa alfajiri, yupo wa usiku, yupo wa mvua, yupo wa saa ambayo mbuzi wanarudi nyumbani jioni. Ukisimama katika soko lolote la Bomet uite jina la mtoto wa mbuzi kurudi, nusu ya soko itageuka na nusu nyingine itasema ndugu yake hayupo. Mtu akiwa mzima huchukua jina la baba yake, ambalo nalo lilitoka kwenye saa. Baba na marehemu, ambaye alikuwa rafiki yake, walizaliwa wote wawili mbuzi wakirudi, na baba zao wote wawili walizaliwa usiku. Lililobaki la kuwatenganisha ni jina la ubatizo, na mchungaji aliyewabatiza aligawa majina kama mtu anayegawa sukari wakati wa uhaba. Wakapata moja.

Siku ya kuandikishwa, pale uwanjani Kericho, walisimama kwenye foleni wakifuatana kwa sababu walikuwa marafiki. Wakapewa namba za jeshi zinazofuatana, zinazotofautiana tarakimu ya mwisho tu. Sijui ungewalaumu kwa lipi. Kambini sajini aliita jina wakaitika wawili, akaita tena wakaitika wawili, akatukana mama zao, kisha akawaita Moja na Mbili. Moja alikuwa yule aliyetangulia kwenye foleni. Baba alikuwa Mbili. Wenzao waliwaita hivyo mpaka wakastaafu, na tatizo likaisha kabisa, isipokuwa kwenye karatasi, ambako Moja na Mbili hawakuwahi kuandikwa.

Hadithi ya mto baba aliisimulia kwa maneno yale yale kila mara. Theluji, daraja jembamba, lori likateleza. Wengine walifungiwa nyuma kwenye turubai. Yeye alitoka, kisha akarudi ndani ya maji, akarudi tena na tena mpaka mwili ukakataa. Baridi ile ilimla vidole viwili vya mguu wa kushoto. Tukimuuliza kwa nini alirudi, jibu lilikuwa moja: "Nilikuwa karibu na mlango." Sisi watoto tulimtania nalo. Mtu akitumwa kuni akalalamika, tulimwambia, wewe ndiye uko karibu na mlango. Moja hakuwemo kwenye lori. Wiki hiyo alikuwa amelazwa, tumbo limepasuliwa.

Baba alitaka kitu kimoja tu, na alikisema wazi. Alitaka faili lake lisahihishwe kabla hajafa, ili siku ya mazishi yake nisome mto na watu wajue ni kweli. Nilimwambia nitausoma tu, faili au si faili. Akakasirika.

"Watu wa Merigi watakuja kwa mazishi yangu," alisema. "Hii wamesikia kwa mwenzangu. Ukisoma tena kwangu watasema tumeiga. Watacheka kaburini. Kama serikali haijaandika, usisome."

Basi nikaanza kutembea. Mimi nina duka la dawa za mifugo Chepilat, nimezoea kubishana na watu kuhusu dawa ya kupe, na nilidhani ubishi wangu utatosha. Nilipata barua ya chifu. Nilipata hati ya kiapo kwa wakili. Nilifunga duka, nikamvalisha baba koti, tukaenda Nairobi kwenye ofisi inayotunza kumbukumbu za wastaafu, ambako tuliketi kwenye benchi pamoja na wazee wengine wenye bahasha za kaki. Baba aliketi wima kama anayepigwa picha.

Karani alifungua faili, akasoma kwa sauti, huku akimtazama baba kwa huruma ambayo ilinichoma zaidi kuliko ukali. Kumbe kosa halikuwa la medali peke yake. Mtu aliyekosea tarakimu ya mwisho alikosea pande zote mbili. Moja alikuwa na mto, na baba alikuwa na kitanda cha hospitali ambacho hakuwahi kukilalia. "Mzee, hapa inasema tarehe hiyo wewe ulikuwa umelazwa," karani alisema. "Operesheni ya tumbo."

Nilimwambia baba ainue shati. Akainua pale pale, tumbo la mzee, laini, halina kovu hata la kisu cha jikoni. Kisha nikamvua kiatu na soksi, nikaweka mguu wake juu ya kiti.

"Mama, tafadhali mvalishe mzee kiatu," karani alisema. "Vidole si hati."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mchungaji wetu anasoma. Alivumilia. Akaeleza kwamba aliyepewa medali aliipokea mwenyewe kwenye gwaride na kutia sahihi, kwamba medali moja haiwezi kuwa na wenyewe wawili, na kwamba ili imwendee baba lazima ifutwe kwa marehemu. Ili ifutwe kwa marehemu, mjane wake akubali kwa maandishi. Vinginevyo, tutafute shahidi, na wakubwa wataamua wakipata nafasi.

Baba alikataa kwenda kwa mjane. Nilimsihi, nikamkaripia, mwisho akapanda gari kwa sababu nilikuwa nimeshawasha injini. Mama yule alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Alituletea mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu, akatumiminia vikombe vimejaa, akamuuliza baba habari za ng'ombe. Kwenye kabati la kioo, kati ya glasi na picha ya harusi, medali ilikuwa imewekwa juu ya kitambaa cha kufuma. Baba aliitazama mara moja, kisha akatazama kikombe chake. Ilinibidi niseme mimi.

Nilisema polepole, na bado ilitoka vibaya. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alimgeukia baba.

"Wewe mzee, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na yeye alijua?"

Hilo ndilo swali lililokuwa likimla baba tangu siku ya mazishi. Walikutana kila siku ya soko, hawa wawili, walikunywa chai meza moja, wakalalamikia bei ya majani pamoja. Moja hakuwahi kumtajia medali. Labda alipoitwa kwenye gwaride alidhani ni ile ya wote. Baba siku hiyo alikuwa nyumbani kwa likizo, jina likaitwa, na jina lilikuwa lake. Labda alisoma baadaye maneno yaliyoandikwa, akaona aibu, akanyamaza, na kila mwaka aibu ikazidi kuwa ngumu kuitoa mdomoni. Watoto wake waliokota habari ile kwenye karatasi zake baada ya kufa.

"Sijui," baba alisema. "Hakuniambia."

Mama alisimama, akafungua kabati, akaitoa medali pamoja na kitambaa chake, akaiweka kwenye mapaja ya baba. "Hiyo chuma chukua," alisema. "Kama ni yako, ni yako. Lakini karatasi mimi sisaini. Hawa watoto yangu walisimama mbele ya watu wakasoma. Sasa nisaini ati baba yao alikuwa mwongo? Hapana. Mimi nitalala wapi hapa Merigi?"

Nilikasirika, kisha nikaona kwamba mahali pake hata mimi nisingesaini, na hilo likanikasirisha zaidi. Baba alikunja kile kitambaa vizuri, akakirudisha mezani na medali ikiwa ndani. Alitaka maneno, na mama alikuwa na chuma tu cha kumpa. Tukaaga. Mama alitusindikiza mpaka langoni na chupa ya maziwa, kwa sababu huwezi kumwacha mgeni aende mikono mitupu, hata mgeni wa namna yetu.

Ikabaki njia ya shahidi. Katika wale waliotolewa mtoni, aliyebaki hai ni mzee mmoja aliyetoka upande wa ziwa, ambaye baada ya jeshi alikuja kuwa askari wa lango katika shamba moja la chai upande wa Kericho, na hakurudi kwao. Tulimkuta amevaa gambuti na koti la mvua. Alipomwona baba alipiga saluti, akapiga kelele, "Mbili! Mbili bado uko!" Wakakumbatiana pale langoni, wachuma chai wakitazama.

Nilipomweleza shida alishika kichwa. "Moja? Moja alikuwa hospitali!" alisema. "Mimi huyu Mbili alinivuta na kola. Hii shingo yangu ilivimba wiki nzima. Niambie nitaapa wapi, niape leo." Aliapa kwa wakili wiki hiyo hiyo. Kwa muda mfupi niliamini tumeshinda. Nilirudi dukani nikiimba, nikamuuzia mtu dawa ya minyoo bila hata kubishana.

Ofisi ilikaa na kiapo kile msimu mzima, na mwingine. Nilipiga simu mpaka sauti yangu ikajulikana. Kila mara waliponiita nimpeleke baba kwa jambo dogo, picha, alama za vidole, sahihi nyingine, kulikuwa na karani mpya, na karani mpya huanza kwa kusoma faili. Mzee, hapa inasema ulikuwa hospitalini. Mzee, ulipasuliwa tumbo. Mzee, mwenzako ndiye aliyeingia mtoni. Mwanzoni baba alibisha. Baadaye alisikiliza tu, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayefundishwa.

Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na sababu. Baba alikuwa ameanza kupotea kidogo kidogo. Aliniita kwa jina la dada yake. Alipeleka maziwa kwa jirani aliyehama zamani. Siku ya soko aliamka, akanyoa, akavaa koti, akaketi uani akingoja, na nilipomuuliza anangoja nani akasema anamngoja Moja. Alikuwa amesahau kwamba Moja amekufa. Alikuwa amesahau pia kwamba amemkasirikia. Lakini mto alikuwa nao bado. Nilimpima kila jioni, nikimwuliza makusudi, naye aliusimulia wote, theluji, daraja, turubai, mlango. Nikaomba Mungu ofisi iwahi.

Walituita. Barua ilisema kwamba kwa kuwa mjane hakukubali na shahidi ni mmoja, wakubwa wangemsikiliza mzee mwenyewe. Tulisafiri watatu, baba, mimi na yule shahidi, ambaye alikuwa amepiga viatu rangi mpaka ukaweza kujiona. Shahidi aliambiwa angoje kwenye benchi nje, ataitwa baadaye. Mimi niliruhusiwa kuingia kwa sababu ya umri wa baba.

Mezani walikaa maafisa watatu. Aliyeongoza alikuwa kanali mwanamke mwenye sauti ya upole. Alimwambia baba aketi, baba akabaki amesimama. Alimuuliza namba yake ya jeshi, na baba akaitoa kama risasi, tarakimu zote, na ya mwisho akaitamka kwa nguvu, yake mwenyewe, sahihi kabisa. Maafisa wakatazamana wakatabasamu.

"Sasa mzee," kanali alisema, "tueleze pole pole siku ile ya lori."

"Ndiyo afande," baba alisema. "Ilikuwa theluji. Daraja ilikuwa nyembamba, lori ikateleza, ikaingia mtoni. Wengine walifungiwa nyuma kwa turubai."

"Endelea."

"Mwenzangu, tunaitwa jina moja, yeye alitoka. Halafu akarudi ndani ya maji. Akarudi tena na tena."

"Na wewe mzee ulikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa hospitali, afande. Tumbo."

Nilisema, "Baba." Kanali aliinua mkono ninyamaze. Hakuinua kwa ubaya.

"Una hakika, mzee? Wewe hukuingia kwenye maji?"

"Mwenzangu ndiye aliingia," baba alisema, na akacheka kidogo kwa upendo, kama mtu anayemsifu ndugu yake. "Alikuwa karibu na mlango."

Nilisimama nikasema mengi. Niliomba wamwite shahidi. Nilisema mzee anasahau, nilisema makarani wao ndio waliomsomea uongo mpaka akaushika, nilisema hana kovu tumboni, mwinueni shati muone. Nilipiga kelele, na baba akanigeukia kwa aibu, akaniambia kwa Kikipsigis nisiwapigie wakubwa kelele. Kanali alifunga faili. "Mama, pole sana," alisema. "Umemsikia mwenyewe." Shahidi hakuitwa. Tulimkuta kwenye benchi, kofia mkononi, nikamweleza. Baba alilala safari nzima, amechoka na ameridhika.

Faili sasa limefungwa rasmi. Lilivyoandikwa mwanzo ndivyo lilivyothibitishwa, na safari hii kwa ushahidi wa baba mwenyewe. Sina pa kwenda tena. Yule askari wa lango angali anaapa kwa yeyote anayepita, lakini watu wanaopita pale wanabeba chai.

Jioni hii nimemwosha baba miguu kwenye karai, kama ninavyofanya siku hizi, maana hawezi kuinama. Maji yalikuwa ya moto kiasi. Nilishika mguu wa kushoto, nikapitisha kidole changu pale ambapo vidole vyake viwili havipo.

"Na hivi, baba, vilienda wapi?"

Alivitazama kwa makini, kama vya mtu mwingine. "Jembe," alisema. "Nilijikata nikilima."

Nikamkausha, nikamvalisha soksi. Alisikiliza mvua kwenye mabati, na nikadhani amesinzia. Kisha akaniita mama, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo, akaniambia kuna jambo moja analotaka nisome siku ya mazishi yake, na nisilisahau. Nilimuuliza ni lipi.

"Sema nilikuwa na rafiki," alisema. "Alipewa medali na serikali. Aliingia mtoni akatoa watu."

Nikamwambia nitasoma.